Je, Anayedai Urithi Wake Amevunja Amani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Baba yetu alifariki miaka mitatu iliyopita. Mimi ndiye niliyemuuguza kwa miaka sita, na kabla hajafa alinionyesha kipande cha shamba la migomba mbele ya majirani wawili, akasema hicho ni changu. Kaka yangu mkubwa aliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, akakiuza kipande hicho bila kuniambia. Nilipofungua shauri mahakamani, wazee wa usharika waliniita wakanitaka nilifute kwa ajili ya amani ya familia na ya kanisa, na mpaka nitakapolifuta nisishiriki Meza ya Bwana. Katika kikundi cha maombi nikaambiwa kwamba kama ningekuwa ndani ya mapenzi ya Mungu ningekuwa na amani moyoni. Ni kweli sina amani, hata usingizi sipati. Naomba unieleze, amani katika Biblia maana yake ni nini? Na je, mimi ndiye niliyeivunja?

JIBU: Dada yangu mpendwa, asifiwe milele. Barua yako imekaa mezani kwangu wiki mbili. Nilikawia kuijibu kwa sababu nilitaka hasira yangu ipungue kwanza, kwa maana si mara ya kwanza kusikia neno takatifu kama amani likitumiwa kumziba mdomo mtu aliyeumizwa, na mara nyingi anayezibwa ni mwanamke. Nikiri pia kwamba miaka ya nyuma, nilipokuwa kijana katika utumishi, nami nilimwambia mjane mmoja anyamaze kwa ajili ya amani. Nilidhani nimempa neno la Mungu, kumbe nilikuwa nimempa neno la shemeji zake.

Kuhusu shamba lenyewe, nimesikia upande mmoja tu, na Mithali 18:17 inatuonya kwamba anayejieleza kwanza huonekana ana haki mpaka mwenzake aje kumchunguza. Kwa hiyo sihukumu mpaka wa shamba wala maneno ya mwisho ya marehemu baba yako. Hiyo ni kazi ya mahakama na mashahidi. Ninachoweza kukihukumu ni mafundisho uliyopewa, na hayo nayakataa yote mawili, la wazee na la kikundi cha maombi. Ikiwa mambo yalikwenda kama ulivyoyaeleza, basi amani ya nyumba yenu ilivunjika siku shamba lilipouzwa kwa siri, na wewe umekuwa wa kwanza kusema kwa sauti kwamba imevunjika.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Manabii walisema shalom kwa Kiebrania, na sisi tunasoma "amani". Shalom ni ndugu wa maneno yetu salama na salamu, yaliyotufikia kupitia Kiarabu, ilhali amani ni ya shina jingine, lile lile la imani na amina. Tafsiri yetu si mbaya, lakini Mswahili akisikia "amani" anafikiri kwanza juu ya utulivu, mahali pasipo vita wala kelele, na Mwebrania aliposema shalom alifikiri juu ya kitu kizima, kisichopungukiwa, kilicho katika hali yake inayostahili. Yakobo alipomtuma Yusufu kwenda Shekemu, alimwagiza akaangalie shalom ya ndugu zake na shalom ya kondoo (Mwanzo 37:14), na Biblia yetu ya Kiswahili imelipatia vizuri sana neno hilo pale, kwa kusema aende akaone kama hawajambo. Kondoo hawapigani vita. Alichotaka kujua Yakobo ni kama wamelishwa, wamenyweshwa, na hakuna aliyepotea. Katika 2 Samweli 11:7 Daudi anamwuliza Uria habari za shalom ya Yoabu, shalom ya watu, na hata shalom ya vita, maneno ambayo yangekuwa upuuzi kama shalom ingekuwa na maana ya kutokuwa na mapigano. Mizani nayo inahusika: jiwe la kupimia ambalo Kumbukumbu la Torati 25:15 inalitaka liwe kamili na la haki limeelezwa kwa neno la shina hilo hilo. Mfanyabiashara aliyepunguza jiwe lake alikuwa ameiondoa shalom sokoni hata kama soko lilikuwa kimya kabisa.

Kuna matumizi mengine ya shina hili ambayo nayaona kuwa ufunguo wa swali lako, na sijui kwa nini hatuyahubiri. Kutoka sura ya 21 na ya 22 zina sheria za mtu aliyemtia mwenzake hasara: aliyechimba shimo akaliacha wazi, ng'ombe wa jirani akatumbukia, aliyeiba ng'ombe akamchinja au akamwuza. Kila mara hukumu ni neno moja, "atalipa", na kitenzi hicho kwa Kiebrania ni shillem, kutoka shina la shalom. Kulipa ni kurudisha uzima wa kitu kilichopunguzwa. Mwizi wa ng'ombe mmoja alirudisha watano, na wa kondoo mmoja alirudisha wanne. Basi katika lugha aliyoisoma Bwana wetu tangu utoto, kufanya amani na kufidia vilikuwa vimezaliwa tumbo moja, na mtu aliyetaka amani na jirani yake bila kumrudishia ng'ombe wake angeshangaza kijiji kizima. Ndiyo maana Zakayo mtoza ushuru, alipoguswa na neema mle nyumbani mwake, hakuwaomba watu wa Yeriko wasahau yaliyopita. Alisimama akasema kwamba yeyote aliyemnyang'anya atamrudishia mara nne, kipimo cha kondoo aliyeibwa, ndipo Yesu akasema kwamba siku hiyo wokovu umefika nyumbani mle.

Pima kwa neno hilo agizo la wazee. Wanataka shauri lifutwe, lakini katika barua yako sioni mahali ambapo wamemtaka kaka yako aeleze fedha za mauzo ziko wapi. Wanataka kelele ziishe na hasara ibaki palepale. Yeremia aliwajua watu wa namna hii, nao hawakuwa wapagani. Walikuwa makuhani na manabii wa Yerusalemu. Katika 6:14, na tena katika 8:11, anawashtaki kwamba wameliponya jeraha la watu wa Mungu kwa juujuu tu, wakisema amani, amani, wala hapana amani. Yeyote aliyewahi kuuguza kidonda anajua hatari yake: ngozi ikifunga juu huku usaha umebaki ndani, mgonjwa anaweza kufa akiwa na kidonda kinachoonekana kimepona. Ezekieli akaja na mfano wa fundi, kwamba watu wamejenga ukuta dhaifu na manabii wanaupaka chokaa (13:10), na wote wawili wanatumia neno lile lile la wazee wako, amani. Neno hili halijawahi kukosa wasemaji. Isaya 32:17 inaweka mpangilio usiogeuzwa, kwamba kazi ya haki itakuwa amani. Haki inatangulia kama mbegu, amani inafuata kama mavuno, na anayedai mavuno kwa mtu aliyemnyang'anya mbegu anamdhihaki.

Nataka ukae kidogo na simulizi moja, kwa sababu ni ya shamba. Nabothi wa Yezreeli alikuwa na shamba la mizabibu karibu na jumba la mfalme Ahabu. Mfalme alilitaka, akatoa bei nzuri, na Nabothi akakataa kuuza urithi wa baba zake. Soma kwa uangalifu 1 Wafalme 21 uone jinsi lilivyochukuliwa. Ilipigwa mbiu ya kufunga. Watu walikusanyika kwa ibada. Nabothi akaketishwa mbele ya watu. Mashahidi wawili wa uongo wakamshtaki. Na wazee wa mji wake, watu waliomfahamu, wakafanya kama walivyoagizwa kwa barua ya Yezebeli, mke wa Ahabu. Alipokwisha kuuawa kwa mawe, Yezreeli ikatulia. Hakuna aliyelia njiani wala aliyefungua shauri, na mtu angepita pale angeweza kusema mji ule una amani.

Miaka ikapita. Yoramu mwana wa Ahabu, aliyekuwa mfalme sasa, akatoka kwa gari lake kumlaki Yehu, jemadari aliyemwasi, na mwandishi wa 2 Wafalme 9:21 anasema kwamba walikutana katika kiwanja cha Nabothi. Pale pale, juu ya udongo ule, mfalme anauliza, "Je, ni shalom, Yehu?" Jibu la Yehu ni kwamba amani haiwezi kuwapo maadamu maovu ya Yezebeli yamezidi. Kisha, katika aya ya 26, Yehu anakumbuka neno la Bwana kwamba damu ya Nabothi italipwa katika kiwanja kile kile, na neno "nitakulipa" hapo ni shillem. Mfalme aliuliza shalom, akajibiwa kwa kitenzi cha shina lile lile, kwa sababu deni la shamba lilikuwa halijalipwa. Simsifu Yehu, Hosea 1:4 inaihukumu damu aliyoimwaga Yezreeli, na mtu yeyote asichukue kutoka kwangu ruhusa ya kuinua mkono juu ya ndugu yake. Ninachosema ni kwamba kimya kilichotanda juu ya shamba la Nabothi hakikuwa amani hata siku moja, ingawa wazee wa mji walitia mhuri wao.

Najua wazee wana aya zao, na ni haki nizijibu. Ya kwanza kwa kawaida ni Luka 12:13-14, pale mtu mmoja alipomwomba Yesu amwambie ndugu yake agawe urithi, naye akajibu, "Ni nani aliyeniweka mimi kuwa mwamuzi au mgawanyi juu yenu?" Watu husoma hapo kana kwamba Yesu alisema kudai urithi ni dhambi. Alikataa kuwa hakimu wa mirathi, kazi iliyokuwa na wenyewe, akageukia choyo. Mfano alioutoa papo hapo, wa tajiri mwenye ghala, unamwonya mtu aliyekwisha kujaza ghala na bado anataka kujenga kubwa zaidi. Onyo hilo ni lako, ndiyo, uchunguze moyo wako kama unadai kilicho chako au unataka kumkomoa kaka. Lakini linamhusu kwanza yule ambaye sehemu ya mwenzake imo ghalani mwake, na kulisoma kwa mdai peke yake ni kulikata neno la Bwana nusu.

Ya pili ni nzito zaidi: 1 Wakorintho 6, ambapo Paulo anawakaripia Wakristo wanaoshtakiana mbele ya wasioamini, akawauliza kwa nini wasikubali kudhulumiwa. Siipunguzi makali aya hiyo. Mkristo anaweza kuachilia haki yake kwa hiari kwa ajili ya Kristo, nami nimewaona watu waliofanya hivyo wakabaki na furaha isiyoelezeka. Lakini tusome sura nzima. Aya ya 5 inauliza kama hakuna hata mtu mmoja mwenye hekima katikati yao awezaye kuamua kati ya ndugu, maana yake kanisa linalotaka watu wake wasiende mahakamani lina deni la kuwasikiliza na kuwaamulia kwa haki. Aya ya 8 inawageukia waliodhulumu na kunyang'anya, tena ndugu zao, na aya ya 9 na ya 10 zinasema watu wa namna hiyo hawataurithi ufalme wa Mungu. Wazee wakikuwekea aya ya 7 bila kutimiza aya ya 5, na bila kumsomea kaka yako aya ya 8, hawajamfuata Paulo. Kuachilia kunampendeza Mungu kunapotoka katika mkono wa mwenye mali; mtu mwingine hana mamlaka ya kukuachilia kilicho chako, kama vile hawezi kutoa sadaka kwa mkoba wako.

Tena, Paulo yule yule kule Filipi alipigwa hadharani pamoja na mwenzake Sila, wakafungwa bila hukumu. Asubuhi mahakimu wakatuma neno wafunguliwe, na mlinzi wa gereza akampa ujumbe akisema, "Tokeni, enendeni zenu kwa amani" (Matendo 16:36). Hebu fikiri: wametendewa maovu mbele ya watu wote, na sasa wanapewa amani mlango wa nyuma. Paulo alikataa, akataka mahakimu waje wenyewe kuwatoa, nao wakaja wakawasihi. Sidhani alifanya hivyo kwa kiburi. Katika mji ule alikuwa anaacha kanisa changa, nyumba ya Lidia na nyumba ya mlinzi wa gereza, na uovu uliofichwa juu yake leo ungewarudia wao kesho.

Warumi 12:18 nayo hutajwa sana, kukaa katika amani na watu wote, na maneno yake ya kwanza hurukwa: "Kama yamkini, kwa upande wenu." Paulo alijua amani ina pande mbili na kwamba upande mmoja unaweza kuikataa.

Watakuja wengine na hoja ya desturi, kwamba binti hana urithi kwa baba yake. Hapa sitakudanganya kwamba Torati iligawa sawasawa. Binti watano wa Selofehadi, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, walipewa urithi kwa sababu baba yao hakuacha mtoto wa kiume (Hesabu 27). Hata hivyo wasome walivyoupata: walisimama mlangoni pa hema mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote, wakadai, na Bwana akasema wamenena lililo haki. Hawakuitwa wavunja amani. Na Ayubu, katika urejesho wake, aliwapa binti zake urithi kati ya ndugu zao wa kiume (42:15), jambo ambalo hakuna sheria iliyomlazimisha. Ikiwa baba yako alifanya vivyo hivyo, alikuwa na mtangulizi mwema.

Nigeukie la kikundi cha maombi, kwa kuwa naona ndilo linalokunyima usingizi. Fundisho kwamba amani ya moyoni ni dira ya mapenzi ya Mungu limeenea sana, nalo hutegemezwa juu ya Wakolosai 3:15, "amani ya Kristo iamue mioyoni mwenu." Lakini aya hiyo inaendelea kusema kwamba tumeitiwa amani hiyo katika mwili mmoja, Paulo anazungumza juu ya jinsi watu wa kanisa wanavyoishi pamoja, na aya chache kabla ameagiza wasiambiane uongo. Hatoi kipimo cha kujua kama uamuzi wa mtu ni sahihi kwa kusikiliza mapigo ya moyo wake. Kama utulivu wa ndani ungekuwa ushahidi, Yona angekuwa mtiifu kuliko wote, kwa maana alilala usingizi mzito ndani ya merikebu huku akimkimbia Mungu. Na Bwana wetu mwenyewe Gethsemane, akiwa katikati kabisa ya mapenzi ya Baba, alisema roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba alipofika Makedonia alikuwa na vita nje na hofu ndani. Waliokuambia kwamba kukosa usingizi ni alama ya kukataliwa na Mungu wamekuongezea mzigo ambao Maandiko hayakukubebesha. Hulali kwa sababu umeumizwa na mtu uliyemwita kaka tangu unajifunza kusema.

Amani ya moyoni ipo, na sitaki uipoteze kwa sababu wengine wameitumia vibaya. Wafilipi 4:7 inasema amani ya Mungu itaihifadhi mioyo yetu, na kitenzi cha Kiyunani hapo ni cha askari wanaolinda ngome. Ngome hulindwa wakati adui yuko nje. Kwa usiku wako nakupa Zaburi ya 4, inayomalizika kwa mtu anayejilaza katika amani akapata usingizi. Inaanza kwa kumwita Mungu "Mungu wa haki yangu", na katikati inaruhusu moyo utetemeke pasipo kutenda dhambi. Isome kwa sauti kabla ya kulala.

Ushauri wangu sasa. Usilifute shauri kwa hofu ya kuitwa mkorofi. Ukitaka siku moja kulifuta, lifute ukiwa huru, umeomba, na hakuna aliyekushika mkono. Msimamizi wa mirathi ni mdaiwa wa hesabu mbele ya mahakama iliyomteua, naye anapaswa kutoa orodha ya mali na maelezo ya mgawanyo. Kumtaka atoe hesabu si kumtukana. Waandalie majirani wale wawili nafasi ya kueleza walichosikia, na tunza kila karatasi. Yeremia yule yule aliyelaani amani ya uongo alinunua shamba Anathothi kwa shekeli 17 za fedha, akapima fedha mbele ya mashahidi, na hati zake akaagiza ziwekwe katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi (sura ya 32).

Lakini pia ulinde ulimi wako. Walawi 19:17 inakataza kumchukia ndugu moyoni na papo hapo inaamuru kumkemea waziwazi, kana kwamba Mungu anajua kwamba neno lisilosemwa huoza likawa chuki. Sema ukweli wote bila kuuongezea chumvi, hata ule usiokusaidia. Usiwaingize watoto wa kaka yako katika ugomvi huu. Wao hawakuuza shamba. Kama mama yenu yu hai, mjulie hali kama kawaida, na ukimkuta kaka hapo, msalimie. Unaweza kumsamehe leo, mbele ya Mungu peke yako, kabla hajarudisha hata shilingi moja. Kupatana ni jambo jingine, linamngoja yeye.

Na kuhusu Meza ya Bwana. Katika Mathayo 5:23-24 anayeambiwa aiache sadaka yake mbele ya madhabahu aende akapatane kwanza ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake. Katika habari hii, mwenye neno ni wewe, na anayedaiwa neno ni kaka yako. Sijui kama yeye alizuiwa kushiriki. Barua yako haisemi. Usiende kugombana mlangoni. Mwandikie mchungaji wa usharika wako kwa heshima, umwombe mketi wewe, kaka yako na wazee mezani pamoja, na aya ya 5 ya 1 Wakorintho 6 ikiwa wazi mbele yenu, na fedha za mauzo zitajwe. Maana hata meza ya amani inataka kitu kizima: Israeli walikuwa na sadaka ya amani, shelamim, ambayo nyama yake mwenye kuitoa aliila pamoja na watu wake, na Kumbukumbu 27 inataka madhabahu yake ijengwe kwa mawe mazima, tena neno la shina lile lile. Ukiniruhusu, na mimi nitamwandikia mchungaji wako, bila kutaja lolote zaidi ya uliyoyaandika hapa.